Masika ya Tivii Kubwa

Jumatatu, 23 Machi

Tivii imeharibika siku ya Idd yenyewe, mbele ya wageni. Sebule ilikuwa imejaa: watoto wa majirani mkekani, Darmi wa nyumba ya pili na dada zake wawili, nami nimeshika sinia ya vitumbua. Mara msomaji wa taarifa akawa watatu. Mmoja mwekundu kushoto, mmoja wa buluu amempanda mabegani, na wa kijani katikati. Watoto wakacheka. Mume wangu, Shamsudin, hakucheka.

Si tivii ndogo hii. Ni tivii ya projekta ya zamani, kasha refu kama kabati la nguo, aliyoinunua kwenye hoteli moja ya Malindi iliyofungwa. Ilishushwa hapa Garsen na wanaume wanne. Tangu astaafu kazi ya pampu za mfereji kule Bura, hiyo ndiyo anayoiamkia.

Leo amempigia simu fundi wa Malindi. Fundi ametaka elfu kumi na nane, mbali na gari la kuipeleka. Shamsudin akakata simu, akanambia, "Mama Bushra, nitaitengeneza mwenyewe. Pampu zilikuwa kubwa kuliko hii."

Ndugu yangu Rashad alikufa Kipini miaka tisa iliyopita, kwa kushika waya wa pampu ya kisima huku akimcheka mtu. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, nafua. Shamsudin analijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye aliyenishika nisimguse maiti.

Jumatano, 25 Machi

Ameifungua mgongo. Ndani, chini kabisa, kuna mitungi mitatu ya kioo, mmoja mwekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa buluu, yote imeelekea juu kwenye kioo kikubwa cha kujitazamia. Amenieleza kama mwalimu: kila mtungi unatoa picha yake, zinapanda kwenye kioo, zinarudi usoni pa tivii na kulaliana hadi macho yaone picha moja. Kuna kitu kinachozilaza vizuri, nacho ndicho kilichokufa.

"Na stima yake?" nikauliza.

"Nimeichomoa, si unaona?"

Nilitazama plagi sakafuni. Nilipokwenda jikoni nikarudi kuitazama tena. Nimeitazama mara saba leo. Nimehesabu.

Ijumaa, 27 Machi

Joto. Mawingu upande wa baharini, hayaji.

Jumapili, 29 Machi

Yule Karisa wa kibanda cha simu pale stendi amemuuzia vipande viwili vyeusi vyenye miguu mingi, ati ndivyo vinavyolaza picha. Karisa ni mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa uzi, na ana tabia ya kutazama kitu kingine anapozungumza nawe. Mimi simwamini mtu asiyenitazama.

Shamsudin amekaa barazani kutwa na chuma cha kulehemu, amejifunga taulo kichwani kwa jasho. Moshi wa risasi inayoyeyuka umeingia mpaka kwenye wali.

Jumanne, 31 Machi

Aliiwasha saa kumi. Sekunde tatu picha ilikuwa moja, wallahi niliiona, kisha kitu kikalia tap! ndani, moshi mweupe ukatoka juu. Nilipiga kelele ambayo Darmi aliisikia kwake. Alikuja mbio, chupa ya maziwa mkononi na fimbo kwapani, maana huyu mama hatoki bila fimbo hata akienda dukani.

"Iko nini? Moto?"

"Karisa katuuzia takataka," nikasema.

Darmi akainama, akachungulia ndani ya kasha, akamwambia Shamsudin, "Wewe jaribu tena. Wiki nzima mimi sijaona mchezo yangu."

Nilimchukia papo hapo. Hana mume wa kumpoteza, wake alishafariki. Ndiyo maana ni rahisi kwake kusema jaribu tena.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua imeanza. Kubwa.

Jumamosi, 4 Aprili

Bati linavuja juu ya mlango. Maji yanapita sakafuni yanaelekea kule kule kwenye tivii. Nimelaza magunia. Shamsudin asema maji hayo ni ya kulowesha kisigino tu.

Jana nilificha bisibisi zake zote ndani ya pipa la unga. Nilidhani nimeshinda. Leo baada ya adhuhuri nimemkuta nyuma ya tivii akifungua skrubu kwa kisu changu cha samaki, kile chenye mpini wa chuma. Nikaenda nikafukua bisibisi, nikazipangusa unga, nikampa.

Akazipokea, akasema taratibu, "Mishi, usinifiche vitu. Unanifanya nishike vibaya zaidi."

Ana haki. Nami nina haki.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua. Stima inakatika na kurudi, inakatika na kurudi. Kila ikirudi moyo wangu unaruka kabla ya taa.

Ijumaa, 10 Aprili

Naandika kwenye benchi la hospitali. Yuko hai. Nimeandika hilo kwanza ili mkono upate kutulia.

Ilikuwa jana baada ya alasiri. Stima haikuwapo tangu asubuhi na mvua ilikuwa ya rasharasha. Shamsudin alikaa kwenye kigoda nyuma ya tivii, tochi mdomoni, mkono wa kulia umezama ndani hadi kiwiko. Darmi alikuwa amekuja na maziwa, amesimama mlangoni anakung'uta matope. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta na kikombe cha chai, nikimngojea Shamsudin atoe mkono nimpe.

Nikaona plagi imo ukutani. Alikuwa ameijaribu usiku uliotangulia, akasahau.

"Baba Bushra, plagi."

Akatoa tochi mdomoni. "Stima haipo. Nichomoe kitu gani?"

"Chomoa tu."

"Ngoja nimalize skrubu hii moja."

Kitu cha kwanza nilichosikia ni friji. Ilianza kunguruma jikoni, kama inavyonguruma kila siku stima ikirudi. Halafu nikasikia sauti ya Shamsudin. Haikuwa ukelele. Ilikuwa kama sauti ya mtu anayenyanyua mzigo uliomzidi. Tochi ilianguka. Mgongo wake ulinyooka, shingo ikakaza, na mkono haukutoka. Haukuweza kutoka.

Nilijua ni nini. Hakuna mtu Garsen nzima aliyejua kuliko mimi. Miaka tisa nimeota jambo hilo, nimejiambia mara elfu nitakavyofanya. Na swichi ya soketi ilikuwa ukutani kando ya bega langu, ningeweza kuizima kwa kiwiko bila hata kumwaga chai.

Nilisimama. Nilimtazama mume wangu anakufa, nikasimama.

Darmi alinipiga kikumbo nikaenda upande. Akainua ile fimbo yake kavu, akaisukuma swichi kwa ncha yake, tak. Shamsudin akaanguka kutoka kwenye kigoda kama gunia. Darmi alikuwa ameshapiga magoti, amemgeuza chali, ameweka sikio kifuani, anampiga kwa mgongo wa mkono mashavuni. "Pumua wewe! Mzee, pumua!" Shamsudin akakohoa. Kikombe nilikuwa nacho bado mkononi.

Tulipofika hapa kwa tuktuk nilimuuliza Darmi alijuaje. Akasema, "Ng'ombe yangu. Waya ilianguka malishoni, ng'ombe tatu ikakufa. Ndugu yangu Jarso akataka kuvuta moja kwa mkia. Mtu ya stima akapiga kelele: usiguse, zima kwanza, huna swichi tafuta mti kavu. Mimi nikaweka hiyo kichwani."

Nilimshika mkono tu.

Jumamosi, 11 Aprili

Kiganja kimeungua, vidole viwili huenda visikunjike vizuri tena. Moyo wake wanauangalia mpaka Jumatatu.

Leo amezungumza. Nilimuuliza swali nililokuwa nalo tangu Machi: "Kwa nini wewe huogopi?"

Akanitazama kwa mshangao. "Nani kakwambia siogopi? Kila nikiingiza mkono nilikuwa nasoma shahada kimoyomoyo."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ulikuwa ukitetemeka, Mishi. Tukitetemeka wote wawili, nani atamshika mwenzake?"

Kisha akageuza uso ukutani. "Miaka ishirini na sita kule Bura, pampu ikikohoa usiku naitwa mimi. Sasa mtu akiniuliza nafanya nini, namwambia natazama tivii. Nayo ikaharibika. Nikaona nikishindwa na hii, basi."

Na mimi muda wote huo nilimdhania ubahili. Nilikuwa nimeshamwandika hivyo moyoni.

Jumatatu, 13 Aprili

Tumerudi nyumbani. Mvua haikatiki. Asema tivii ataiacha. Sijamwambia habari ya swichi.

Jumatano, 15 Aprili

Nilitoka kwenda sokoni nikasahau mkoba, nikarudi. Nilimkuta amesimama nyuma ya tivii. Hakuwa ameshika kitu, alikuwa akitazama tu ndani, na ule mkono wenye bendeji ameuweka juu ya kasha kama mtu anayemtuliza punda.

Ataifungua. Kama si leo ni siku nitakayokwenda arusini au mazishini. Na safari hii ataitengeneza kwa mkono wa kushoto.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimekwenda kwa Karisa. Nilikusudia kumtukana mbele ya watu. Nilipomaliza kutukana alivua miwani, na kwa mara ya kwanza akanitazama.

"Mama, mimi nilimwambia mzee. Vile vipande peke yake havitoshi. Kuna rezista ndogo ndogo karibu navyo, za kupunguza nguvu ya stima, ikiungua moja tu, hata uweke vipande vya dhahabu vitakufa. Nikamwambia alete bodi yote nipime. Akasema yeye amesimamia pampu."

Hilo lilikuwa neno la Shamsudin kabisa. Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa hapo kibandani. Sijui nilivyopata ujasiri. Niliogopa kuliko siku zote, na nadhani ndiyo sababu. Nikamwambia, "Nifundishe mimi."

"Wewe, mama?"

"Nikikuletea wewe bodi, ataitoa yeye na kuirudisha yeye. Nataka mikono yake isiingie mle tena."

Jumamosi, 18 Aprili

Nimechoma kidole cha shahada. Karisa ananipa redio mbovu nizifungue. Asema mkono wangu ni mwepesi kwa sababu ya kushona.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimejua kupima kwa mita. Kitu kizima mita inalia, kilichokatika inanyamaza. Nimempikia Karisa samaki wa kupaka, maana pesa amekataa. Nilimwita mwizi mbele ya stendi nzima, na hajanikumbusha hata mara moja.

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua siku ya tano bila kupumua. Mto umepanda hadi mashamba ya Golbanti, watu wanavuna mahindi mabichi ndani ya maji.

Jumapili, 26 Aprili

Leo nimeitengeneza.

Plagi niliichomoa tangu Ijumaa. Karisa alisema ndani kuna mahali panapoweka stima hata ukichomoa, iache siku mbili ndipo uipime. Ule mwisho wa waya wenye plagi niliufunga pindoni mwa leso, kiunoni, ili niuhisi ukinigonga pajani kila nikijongea. Sakafu niliipangusa mara tatu. Nilipanda juu ya ubao mkavu na ndara za mpira.

Kabla sijaanza nilimwita Shamsudin, nikamwonyesha ukuta. "Siku ile, swichi ilikuwa hapa. Na mimi nilikuwa hapa. Nilisimama."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nakutazama."

Akaugusa ukuta penye swichi.

"Macho ndiyo yaliyokuwa yangu peke yake, kiwiliwili kilishachukuliwa. Nikakuona. Nikajua unamwona Rashad. Sikukukasirikia, Mishi. Niliogopa kwamba utabaki umesimama hapo maisha yako yote."

Nililia kidogo. Kisha nikamwambia atoke nje, kwa sababu singeweza kuingiza mkono nikimwona mlangoni. Akatoka.

Nilipima kwanza penye hatari. Mita ilionyesha sufuri. Nikapima tena. Sufuri. Hata hivyo nilipogusa bati linalopoza vile vipande kwa kidole nilifumba macho na kusoma shahada, kama yeye. Hakuna kilichotokea. Nikatoa bodi, nikaiweka mezani kwenye mwanga. Rezista mbili zilinyamaza. Mbili! Kila moja ndogo kama punje ya mchele, hata rangi haijabadilika. Nilizing'oa, nikatia za Karisa, kisha vipande vyeusi vipya, mguu mmoja mmoja. Ilichukua saa tatu na mgongo wangu wote.

Kuwasha tulikuwa wawili. Darmi alisimama ukutani, kidole juu ya swichi, amekaza uso kama mtu anayelenga. "Mimi niko hapa," akasema. "Wewe fanya yako."

Ikawaka. Hakuna tap, hakuna moshi. Picha zilikuwa tatu bado, lakini zimetulia. Nikachukua rimoti, nikaita usoni pa tivii ile mistari ya kupangia picha Karisa aliyonichorea, kama neti tatu za rangi tatu. Nikawa naisogeza nyekundu kidogo kidogo juu ya kijani, kona baada ya kona, kisha buluu. Mistari ikawa inaingiana na kugeuka myeupe. Kona moja ya chini imegoma. Iache.

Nikamwita Shamsudin. Hakuja. Nilimkuta nyuma ya jiko, amekaa chini penye matope, shati limelowa, midomo inamcheza.

"Imewaka," nikamwambia.

"Nilisikia friji inanguruma," akasema, "nikadhani..." Hakumaliza. Nilikaa naye pale mvuani hadi alipoweza kuinuka.

Jumanne, 28 Aprili

Picha ya kwanza tuliyoitazama vizuri tangu Idd ilikuwa mafuriko yetu wenyewe. Taarifa ya saa moja: paa za nyumba, ng'ombe wanaogelea. Dzombo, mwenzake Shamsudin wa kazi kule Bura, amempigia simu kutoka juu ya mto: Chewele maji yameingia, na hayo ndiyo yanayotujia.

Jumatano, 29 Aprili

Gari la chifu limepita na kipaza sauti. Wa upande wetu wote tuhamie shuleni, kule juu, kabla ya kesho adhuhuri.

Nilimtazama Shamsudin anazunguka tivii. Nikaogopa kwa namna mpya. Haibebeki hii kwa mkono mmoja na nusu na wanawake wawili, na wanaume wenye nguvu wote wanahamisha watoto na mbuzi. Nilijiambia: atabaki nayo. Atasema nendeni nitafuata.

Alhamisi, 30 Aprili. Shuleni

Hakubaki. Asubuhi alifunga godoro, Kurani, vyeti vyake vya Bura na dawa. Akapita mbele ya tivii bila kusimama. Maji yalikuwa yameshafika kizingitini. Akaniambia, "Meni swichi, Mishi. Wewe mikono yako ni mikavu."

Nikapanda juu ya ubao, nikaishusha, stima ya nyumba nzima ikazimika. Nikachomoa na plagi, ingawa haikuwa na maana tena.

Barabarani maji yalinifika magotini, ya rangi ya chai, na yana nguvu kuliko yanavyoonekana. Darmi alitangulia, anapima chini kwa fimbo kabla ya kila hatua, mbuzi mchanga shingoni. Shamsudin alinishika mkono kwa ule wake mbovu. Nilimuuliza kama anaogopa.

"Sana," akasema kwa sauti, watu wote wakasikia.

Jumanne, 5 Mei

Watu arobaini darasa moja. Nimetengeneza redio ya mzee mmoja wa Kipokomo. Ikalia.

Jumatatu, 11 Mei

Mvua imekatika. Maji hayajakatika.

Jumamosi, 23 Mei

Tumerudi. Ukutani kuna mstari wa matope unaonifika kiunoni, umezunguka nyumba nzima. Tivii imesimama palepale, juu kavu, chini imevimba na kunuka.

Shamsudin hakuigusa. Alisogea pembeni akaningoja, nami nikaifungua mgongo. Mitungi imezama topeni. Bodi zimefunikwa, hazionekani.

"Vipi?" akauliza.

"Bodi zote huwa chini. Imekufa."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuomba kujaribu. Alichukua jembe akaanza kukwangua tope mlangoni.

Saa kumi majirani wakapiga vigelegele: stima imerudi barabara nzima. Shamsudin akanitazama. Niliweka mita kwenye soketi ya kwanza nikatoa matone ya maji kwa ncha yake. "Sipandishi meni swichi leo," nikamwambia. "Soketi zikauke wiki nzima, kisha Karisa aje tuzipime wote." Nilidhani atasema kitu kuhusu pampu. Alisema, "Basi nitafute taa ya chemli."

Darmi alikuja na maziwa. Akavuta kigoda hadi mahali pake, akakaa ameielekea tivii iliyokufa.

"Leo hakuna mchezo?"

"Hakuna tena, Darmi."

"Haya," akasema, bila kuinuka. Akaegemeza fimbo ukutani, akaanza kutusimulia jinsi yule mbuzi mchanga alivyokula daftari la mwalimu mkuu kule shuleni. Nikaenda kuleta vikombe vitatu.